Nungwi, Paje au Mji Mkongwe: hoteli na usafiri wa Unguja kwa anayetokea Dar

Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, swali linalozunguka Dar ni lile lile: "Zanzibar tufikie hoteli gani?" Anayeuliza hupewa jina la hoteli, picha ya bwawa la kuogelea na bei ya chumba. Kwa maoni yangu, hoteli ni swali la tatu. La kwanza ni upande gani wa kisiwa, na la pili ni utazunguka kwa usafiri gani ukishafika. Unguja kwenye ramani inaonekana ndogo, lakini kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 85 hivi, na barabara kubwa karibu zote zinaanzia mjini. Mtu aliyelala Nungwi akitaka kwenda Paje hupitia katikati ya kisiwa, hutumia nusu siku, na nauli ya teksi humla kuliko chakula. Chumba cha bei poa upande usiokufaa kinaweza kuwa chumba cha ghali kuliko vyote.

Nalinganisha hapa kwa macho ya mtu wa Dar: ana kitambulisho cha NIDA mfukoni, ana siku tatu au nne, na analipa kwa fedha yake mwenyewe.

Anza na maji

Aliyezoea Coco Beach au Kigamboni anajua maji hutoka na kurudi. Pwani ya mashariki ya Unguja jambo hilo ni kubwa zaidi. Kuanzia Matemwe, Kiwengwa, hadi Paje na Jambiani, mwamba wa matumbawe umekaa mbali na ufukwe, na kati yake na nchi kavu kuna uwanda mpana wa mchanga na majani ya baharini. Maji yakipwa, uwanda unabaki wazi. Kuna sehemu utatembea karibu kilomita nzima ndiyo uyakute mawimbi. Nungwi na Kendwa, kule ncha ya kaskazini, kina kiko karibu na ufukwe, kwa hiyo unaogelea karibu saa yoyote.

Picha za hoteli za mashariki hupigwa maji yakiwa yamejaa. Hilo ndilo linalowaudhi watu wengi: wameshalipa, wamefika, wameweka mabegi, wakatoka na mataulo mabegani wakakuta bahari iko kule mbali.

Lakini maji yanafuata mwezi, na hesabu yake unaweza kuipiga ukiwa nyumbani kwako Tabata. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inaweza kufika mita 4. Siku hizo, Unguja, maji hukauka kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu: tofauti inakuwa ndogo, na maji ya kujaa yanaangukia saa nne au saa tano za asubuhi, wakati mzuri kabisa wa kuogelea.

Sasa chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Siku tatu nne za mwanzo wa mwezi, na siku tatu nne baada ya tarehe kumi na nne ya mwezi, hesabu ni bamvua. Idi el Fitri huwa siku ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua. Idi el Hajj huwa siku ya kumi ya mwezi, kwa hiyo huangukia karibu na maji mafu. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu, kwa hiyo Ijumaa Kuu mara nyingi iko jirani na bamvua. Anayekwenda Paje sikukuu ya Idi el Fitri ajue kabisa kwamba akimaliza chai ya asubuhi hataogelea. Asubuhi hiyo aende msitu wa Jozani akaone kima punju, arudi saa tisa alasiri maji yanapanda. Akifanya hivyo mashariki haitamuudhi hata kidogo.

Na kupwa kwenyewe kuna raha yake. Jambiani maji yakitoka, kina mama wanashuka na kamba na magunia kwenda kwenye mashamba ya mwani: mistari ya vijiti vilivyochomekwa mchangani, kamba zimefungwa kati ya kijiti na kijiti, na mwani umening'inia humo kwa mafungu. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989 huku huku Paje na Jambiani. Wanafanya kazi wameinama hadi maji yanapowafika magotini tena. Mtoto aliyekulia Sinza akiona hivyo anajifunza bahari kwa namna ambayo bwawa la hoteli haliwezi kumpa. Vaa viatu tu, maana kwenye mawe kuna viumbe wa miiba mieusi, na ukimkanyaga mmoja safari yako imeharibika.

Mji Mkongwe: usafiri haukugharimu kitu

Boti inateremsha bandari ya Malindi, pale pale mjini, na hoteli nyingi za Mji Mkongwe ziko umbali wa kutembea kutoka hapo. Hiyo ni akiba ambayo watu hawaihesabu. Magari hayaingii kwenye vichochoro. Mzigo ukiwa mkubwa unamchukua hamali na mkokoteni wake, mnapatana bei kabla hajaushika, basi. Kutoka hapo kila kitu ni kwa miguu: Forodhani jioni, Ngome Kongwe, soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, kanisa la Mkunazini lililosimama palipokuwa soko la watumwa, na urojo wa mtaani. Jumba la Beit el Ajaib utaliona kwa nje. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ukitaka kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa, mashua zinaondokea pale pale ufukweni.

Hoteli za hapa nyingi ni majumba ya kale. Unapata kitanda cha semadari, milango ya nakshi, dari la juu lenye boriti, na sehemu ya juu ya paa ya kunywea chai huku ukitazama bahari. Unapata pia ngazi za mbao zilizosimama wima na hakuna lifti. Kama unasafiri na mama mwenye shida ya magoti, mwombee chumba cha chini siku unapopiga simu, usingoje kufika. Uliza na dirisha: chumba chenye dirisha linalotazama kichochoro chembamba hakipati upepo, na Februari usiku wake ni mzito hata kwa mtu wa Dar. Adhana ya alfajiri utaisikia vizuri.

Kinachokosekana ni bahari ya kuogelea. Pale Shangani watoto wa mji huruka majini kila jioni, ila huwezi kuita hiyo likizo ya ufukweni. Kwa hiyo Mji Mkongwe ni mahali pa usiku mmoja au miwili, na kama una watoto wadogo, mmoja unatosha. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara na katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la ZIFF. Nyakati hizo vyumba hujaa na bei hupanda, weka nafasi mapema. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za kula mjini hufungwa mchana, lakini Forodhani baada ya futari ina uhai wa pekee. Ambaye hajawahi kuuona mji huo usiku wa Ramadhani ninamshauri kwa moyo wote aende.

Kaskazini na mashariki: hapa ndipo watu wanapobishana

Nungwi na Kendwa zina bahari bora ya kuogelea kisiwani, na sijui mtu anayebishia hilo. Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama baharini mbele yako. Kati ya vijiji hivyo viwili unaweza kutembea ufukweni maji yakiwa yamepwa. Nungwi bado wanaunda majahazi pale pale pwani, kwa shoka na tezo, na mafundi hawakatai kuulizwa maswali. Watoto wakitaka kuwaona kasa, kuna bwawa lao la asili pale Mnarani.

Gharama yake ni watu. Nungwi imejaa hoteli, kutoka gesti za kijijini hadi za kifahari, na muziki wa usiku unavuka ukuta. Kendwa kuna sherehe kubwa za mwezi mpevu. Kama unakwenda kupumzika, angalia kalenda kwanza. Vijana wa kuuza safari za bahari watakufuata ufukweni. Na bei, kwa chumba cha hadhi ile ile, mara nyingi ni kubwa kuliko Jambiani.

Paje na Jambiani ziko jirani, lakini tabia zake hazifanani. Paje ni ya vijana na upepo. Kusi ikivuma kuanzia Juni hadi Septemba, na kaskazi ikivuma Desemba hadi Machi, angani pale kumejaa vishada vya watu wanaoteleza majini. Kupendeza kunapendeza, ila mzazi mwenye mtoto wa miaka minne hawezi kumwachia huru majini huku kamba za vishada zikipita. Jambiani, hatua chache kusini, ni kijiji kirefu kilichonyooka kando ya bahari: nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti, shule, duka la nazi na mkate, na hoteli ndogo ndogo katikati yao. Huko unaamka unamwona mwalimu anakwenda kazini. Bei ni za wastani, watu wana muda na wewe, na usiku kuna kimya.

Kama ningetakiwa kuchagua kwa niaba ya wengine, familia yenye watoto wadogo na siku tatu tu ningeipeleka Kendwa bila kusita, kwa sababu watoto hawaelewi habari za bamvua. Wanataka maji sasa hivi. Wanandoa, au mtu anayetaka kusoma na kulala, ningewapeleka Jambiani. Kundi la marafiki wa ofisini, Paje. Mwenye mapenzi ya machweo lakini hataki makelele ya kaskazini atazame Michamvi upande wa Kae, ulioelekea ghuba ya Chwaka: ni mashariki ya kisiwa lakini jua linazama majini.

Usisahau upepo. Kusi ikiwa kali, pwani ya mashariki inapigwa moja kwa moja na kaskazini-magharibi panatulia. Kaskazi ikivuma, mambo hubadilika na Nungwi hupata mawimbi kiasi. Kwa likizo ya Juni hii ni hoja nyingine inayoipa Kendwa uzito.

Matemwe na Kiwengwa nazigusa kwa haraka. Kiwengwa ni ya hoteli kubwa ambazo ukishalipa unakula na kunywa ndani, na wageni wake wengi hawatoki getini hadi siku ya kuondoka. Kwa mtu wa Dar naona hasara: unalipia chakula cha siku nzima wakati hamu yako ni pweza wa kijijini na chapati. Matemwe ni tulivu na iko karibu na Mnemba, mahali ambapo mashua nyingi hupeleka watu kuzamia na kutazama samaki. Kisiwa chenyewe cha Mnemba ni cha hoteli binafsi, lakini unaogelea kwenye matumbawe yanayokizunguka. Ukitokea Nungwi unafika huko pia, kwa safari ndefu kidogo.

Kuvuka: boti au ndege

Boti ya mwendo kasi inachukua kama saa mbili kutoka bandari ya Dar hadi Malindi. Ndege inakaa angani kama dakika 20. Ukiishia hapo, ndege imeshinda. Lakini hesabu kuanzia mlangoni kwako. Anayekaa Kimara anapanda basi la mwendokasi hadi Posta ya Zamani, anavuka barabara, yuko kwenye boti. Akifika yuko mjini tayari. Anayepanda ndege lazima apite foleni ya Barabara ya Nyerere, awahi Uwanja wa Julius Nyerere, apimwe mzigo, na akishuka Uwanja wa Abeid Amani Karume bado atafute gari. Anayekaa Segerea au Gongo la Mboto ana sababu ya kupenda ndege. Wa Kinondoni, Ilala na Upanga boti inamfaa zaidi. Ndege ndogo nyingi zinaruhusu kilo 15 tu za mzigo, na hapo familia yenye begi la nepi na maziwa inaanza kulipia ziada.

Boti ya kwanza inatoka saa moja asubuhi, na ndiyo ninayoipendekeza. Bahari asubuhi mara nyingi imetulia kuliko alasiri, na unafika mapema kiasi cha kupata daladala au basi dogo la kwenda pwani bila haraka. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, katikati ya mkondo panachafuka kweli. Wahudumu wakianza kupita wakigawa mifuko ya kutapikia, ujue safari imefika mahali pake. Kaa chini na nyuma, karibu na katikati. Mbele na juu ndiko kunakorushwa zaidi. Kula kidogo kabla, usipande na njaa wala na supu nzito tumboni.

Tiketi nunua kwenye kaunta ya kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake. Nje pale barabarani vishoka ni wengi na watakwambia boti imejaa. Beba kitambulisho: mkazi ana nauli yake, na mgeni ana nauli yake ambayo ni kubwa zaidi. Kama unasafiri na mgeni kutoka Ulaya au Marekani, mwambie mapema kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka awe na bima ya safari ya Zanzibar yenyewe, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima ya kwao. Wewe Mtanzania haikuhusu. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, miaka mingi kabla ya Bara.

Siku za kuelekea Idi boti za Dar hujaa watu wanaorudi kwao, na baada ya Idi hujaa wanaorudi kazini. Kata tiketi ya kurudi siku ile ile unayokata ya kwenda.

Kuzunguka kisiwani

Daladala zinafika karibu kila pwani na zina namba zake: 116 Nungwi, 118 Matemwe, 117 Kiwengwa, 309 Jambiani kupitia Paje, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi, na 505 ya uwanja wa ndege. Nauli ni shilingi elfu chache hata kwa safari ndefu. Nyingine ni basi dogo kama za Dar, nyingine ni gari za mabenchi ya mbao zenye pande wazi. Mzigo unakwenda juu ya keria pamoja na magunia ya mkaa na ndoo za samaki. Hadi Nungwi, kilomita 60 hivi, tenga saa mbili. Zinasimama kila anaposhuka mtu, na jioni zinaisha mapema. Aliyefika na boti ya alasiri asizitegemee.

Mtu mmoja au wawili wenye mabegi ya mgongoni, daladala inawafaa kabisa, na 309 ina faida ya ziada: inapita mlangoni pa Jozani. Shuka, tembea msituni, panda nyingine inayofuata uendelee Paje. Familia yenye watoto watatu na mabegi manne nawahurumia; wapande teksi.

Teksi kutoka mjini hadi Nungwi au Jambiani mara nyingi huwa sawa na dola 35 hadi 50 kwa gari zima, na mkazi anayeongea Kiswahili vizuri hupata punguzo. Patana kabla ya mzigo kuingia kwenye buti, na taja kila kitu: watu wangapi, mnasimama wapi, mnarudi au hamrudi. Mkigawana watu wanne bei inakuwa ya kawaida. Kati ya teksi na daladala kuna mabasi madogo ya pamoja yanayobeba watalii asubuhi na mchana kwenda Nungwi na Paje. Unalipa kwa kichwa na unashushwa karibu na hoteli. Hoteli itakuitia ukiomba. Papasi, yule dalali wa bandarini, naye atakuitia, kwa bei yake.

Gari la kukodi lina maana pale tu unapotaka kuhama hama: leo Kizimkazi kuona pomboo na msikiti wake wa mwaka 1107, kesho Pingwe, keshokutwa kaskazini. Kwa mtu anayelala mahali pamoja na kutoka mara moja, gari litakaa juani uani kwa hoteli huku ukililipia kila siku. Ukikodi, kagua matairi na taa, piga picha mikwaruzo yote mbele ya mwenye gari, na hakikisha karatasi za gari zimo ndani, maana vizuizi vya polisi barabarani ni vingi. Usiku usiendeshe kama si lazima. Vijijini kuna baiskeli zisizo na taa na ng'ombe barabarani.

Pikipiki za kukodi Paje na Nungwi ni rahisi kupata na zinavutia kwa safari fupi. Mchanga ulioteleza kwenye lami ya pembeni umewaangusha wengi. Bila kofia ngumu usikubali, hata kama ni hadi dukani tu. Baiskeli, kwa upande mwingine, ndani ya Jambiani au Bwejuu zinatosha kabisa, na maji yakipwa mchanga unakuwa mgumu unaendesha ufukweni kabisa.

Hapa ndipo hesabu ya hoteli inakamilika. Chukua bei ya chumba kwa siku zote, ongeza kwenda na kurudi kutoka Malindi, ongeza kila safari uliyoipanga ukiwa huko, ndipo ulinganishe. Chumba cha Jambiani kilichopungua elfu thelathini kwa usiku, kama kinakulazimu teksi mbili za ziada kwenda kuogelea kaskazini, kimeshapitwa na cha Kendwa.

Ukipiga simu hotelini

Piga simu au andika ujumbe moja kwa moja. Mitandao ya kuwekea nafasi huonyesha bei ya mgeni kwa dola. Hoteli nyingi zina bei nyingine ya wakazi na haitajwi hadi uiombe. Sema tu, "Shikamoo, natokea Dar, nina kitambulisho, naomba bei ya mkazi." Uliza bei ni ya chumba au ya kichwa, kodi na ada za usiku zimo au hazimo, na mtoto wa umri gani analala bure. Uliza maji ya bomba yana chumvi kiasi gani, kwa kuwa hoteli nyingi za pwani hutegemea visima na nyingine maji yake sabuni haitoi povu. Uliza jenereta. Kisha uliza swali hili moja: "Maji yakipwa, wageni wenu wanaogelea wapi?" Mpokezi mkweli atakujibu palepale kwa saa na mahali. Akizungukazunguka, umepata jibu.

Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka sana na baadhi ya hoteli hufunga kabisa Aprili na Mei. Kwa anayevumilia mvua ni wakati wa kulala hoteli ambayo Desemba asingeigusa. Hakikisha tu jiko lao liko wazi.

Na kama si Unguja?

Mafia inastahili kutajwa, kwa sababu watu wa Dar wanaisahau wakati iko karibu. Kwa ndege ni kama dakika 40. Kwa barabara unatokea Mbagala kwenda Nyamisati, kisha unavuka kwa kivuko hadi Kilindoni. Siku nzima inakwenda njiani, lakini fedha inabaki. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe wanaonekana karibu na Kilindoni, samaki mkubwa kuliko wote duniani na mpole kiasi cha kuogelea kando yake. Uamuzi wa hoteli huko ni mwepesi: Kilindoni kuna gesti za bei ya kawaida na potwe wako jirani, Utende, kwenye ghuba ya Chole, kuna hoteli za wapiga mbizi, na kwa kuwa iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, unalipa ada ya hifadhi kila siku juu ya chumba. Kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo mfupi wa bodaboda. Makelele hakuna, lakini pia usitegemee mikahawa mingi; agiza chakula cha jioni tangu mchana.

Na mwenye siku moja tu asijilazimishe kuvuka mkondo kwenda na kurudi. Mashua za Kunduchi zinafika kisiwa cha Mbudya kwa muda mfupi, maji yake ni safi, samaki wanakaangwa pale pale chini ya banda la makuti, na jioni unalala kitandani kwako. Nenda siku ya kazi kama unaweza, maana Jumamosi na Jumapili mabanda huisha kabla ya saa tano asubuhi.